Wimbo wa baba umefungiwa ndani ya simu

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika, leo nimeona nami nipige hodi. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya tatu, na tangu utotoni tuni hunijia kichwani zenyewe. Zamani nilikuwa nazirekodi kwenye simu kwa kuvumisha mdomo. Ninazo zaidi ya mia moja, na nyingine nikizisikiliza leo sikumbuki hata nilikuwa nawaza nini. Sijawahi kumiliki kinanda. Mara nilizokalia piano ya kweli zinahesabika, na kila mara kulikuwa na mtu nyuma yangu anasubiri zamu yake.

Mwaka huu nikaamua simu yangu iwe ndiyo kinanda. Nimeshapakua programu tano, Mwalimu, na bado sijui ninachokifanya.

Ya kwanza ilikuwa na sauti nzuri ajabu, ila inachelewa. Nabonyeza, kimya kidogo, ndipo piano inaitika. Nikipiga taratibu navumilia. Nikichangamka nakuwa kama mtu anayegombana na mwangwi wake. Wenzangu nyumbani hulala mapema na mimi hutunga usiku, kwa hiyo huvaa hedifoni zisizo na waya nisiwasumbue. Ya pili nayo ilichelewa vilevile, na juu ya hapo kila nikimaliza mstari mmoja linaruka tangazo lenye muziki wake, tuni yangu inapotea.

Ya tatu ilikuwa inanishushia rangi kutoka juu ya skrini nizifuate kwa vidole. Ndani ya siku tatu nilikuwa napiga nyimbo za watu. Nilifurahi, lakini sikutunga hata mstari mmoja wa kwangu.

Ya nne ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Baba alifariki mwaka jana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba, akinigongea mapigo mezani kwa kijiko. Nilimtungia wimbo ndani ya programu hiyo kwa wiki tatu, sauti zote nne, kila sauti kwenye mstari wake. Ulipokamilika nikataka kumtumia mwalimu wa kwaya. Nilipobonyeza pa kutuma, likaja dirisha la kunitaka nilipie kila mwezi. Kuusikiliza humo humo ndani naruhusiwa, kuutoa siruhusiwi. Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Nataka niifute leo usiku, nianze upya kwenye ile ya tano, ambayo nimeipakua jana na sijaifungua kwa sababu naogopa yatajirudia.

Rafiki yangu anayetengeneza midundo anasema simu ni ya kuchezea tu, nitafute kompyuta. Mwingine anasema bila kinanda chenye vitufe vya kweli najidanganya. Halafu mimi najua do, re, mi peke yake, na programu zote zimeandika C, D, E. Simu yangu ni Android ya kawaida. Nichague programu ipi?

Mtunzi wa Usiku

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na baba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kwenye mstari wa kufuta nilisimama kabisa. Usiifute hiyo programu ya nne. Kwenye Android ukiondoa programu, mara nyingi faili zilizokaa ndani yake huondoka nayo, na wimbo wa wiki tatu utakwenda pamoja na hasira ya usiku mmoja. Iache hapo ilipo mpaka tuutoe wimbo.

Na kutoka utatoka. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 zina kinasa skrini chao wenyewe, kipo kwenye ile menyu unayoishusha kwa kidole kutoka juu. Kiwashe, na kikikuuliza kinase sauti gani, chagua sauti ya kifaa, usichague maikrofoni. Kisha rudi kwenye wimbo, nyamazisha sauti tatu, uiache ya kwanza iimbe peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Rudia kwa ya pili, ya tatu, ya nne. Utakuwa na video nne, na uzuri wake ni kwamba hazikupi sauti tu. Zitaonyesha pia nota zikipita kwenye skrini, kila moja mahali pake, kwa hiyo siku ya kuuandika upya hutakisia kwa sikio. Simu yako ikigoma kunasa sauti ya ndani, azima simu ya pili, iweke kimya kimya kando ya spika, urekodi sauti moja moja kwa namna ileile. Video hizo zitume pia kwa mtu unayemwamini, zisikae kwenye simu moja.

Iko njia nyingine, nayo naitaja kwa sababu wengine wataiwaza: kulipa mwezi mmoja, kuutoa wimbo, kisha kusitisha malipo. Si vibaya, watu waliotengeneza programu wanastahili kula. Ila kabla hujalipa, tafuta kwenye maelezo yake inatoa faili la aina gani. Ikiwa inatoa MIDI, yaani faili la maagizo ya nota nitakalokueleza hapa chini, mwezi huo mmoja utakuokolea kazi ya siku nyingi. Ikiwa inatoa sauti iliyochanganywa tu, zile video zako nne zina faida zaidi.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, maana hapo kuna jambo umeliandika kwa kupita tu na ndilo lenye jibu. Hedifoni zisizo na waya. Programu mbili tofauti, za watu tofauti, zimechelewa vilevile masikioni mwako. Nakaribia kuapa kwamba ya kwanza haikuwa na kosa.

Sauti inayokwenda kwa Bluetooth haitoki kwenye simu ikaingia sikioni moja kwa moja. Simu inaikandamiza iwe ndogo, inaifunga vipande vipande, inavirusha hewani, hedifoni inavipokea, inavikusanya akiba kidogo ili sauti isikatikekatike, ndipo inavifungua. Safari hiyo kwa kawaida hula milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi (sekunde moja ina milisekunde 1,000). Ukitazama filamu hulioni hilo kwa sababu simu huchelewesha picha iende sawa na sauti. Kwenye piano hakuna cha kuchelewesha. Kidole kimeshagusa.

Pima ukubwa wake hivi. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kuchelewa milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na kitu kutoka kwenye piano, jambo ambalo hakuna mpigaji analolalamikia. Kuchelewa milisekunde 200 ni sawa na piano kuwa karibu mita 69 kutoka masikioni mwako, upande wa pili wa uwanja, na wewe unaipiga kwa fimbo ndefu. Tena chukua wimbo unaokwenda mapigo 120 kwa dakika: kila pigo ni milisekunde 500. Ukichelewa 200 umekaribia nusu pigo. Ndiyo maana ukichangamka unagombana na mwangwi. Wapigaji wengi huanza kuhisi vidole vizito kuchelewa kukipita milisekunde 20 hivi, kwa hiyo wewe ulikuwa unafanya kazi ngumu mno bila kujua.

Tumia hedifoni za waya. Simu isiyo na tundu la hedifoni hukubali kiunganishi kidogo kwenye tundu la kuchajia. Halafu ifungue upya ile programu ya kwanza, ile yenye sauti nzuri ajabu, uipige usiku huohuo.

Ikiwa bado una shaka, kuna jaribio nalifanya kila ninapopata programu mpya, na nakuomba ulifanye mwenyewe badala ya kuniamini. Chomoa hedifoni, fungua spika ya simu. Weka simu ya pili kando, iwe inarekodi. Sasa gonga kitufe kimoja cha piano kwa ukucha, gonga kweli, mpaka kioo kilie. Rekodi itakuwa na milio miwili: tak ya ukucha, kisha piano. Ifungue kwenye programu yoyote inayochora mawimbi ya sauti na uivute iwe pana. Utaona kilima kidogo chembamba, halafu kilima kikubwa kinachoshuka taratibu. Nafasi kati ya vilima hivyo viwili ndiyo kuchelewa kwa simu yako na programu hiyo kwa pamoja, bila porojo za mtu. Gonga mara kumi, uangalie pia kama nafasi ni ileile kila mara. Kuchelewa kusikobadilika mkono hukuzoea kidogo kidogo. Kunakorukaruka hakuzoeleki.

Ukikuta nafasi ni kubwa hata kwa spika, ingia kwenye mipangilio utafute neno bafa. Hiyo ni akiba ya sauti ambayo simu huiandaa kabla ya kuicheza. Simu ikicheza sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1,024 ni milisekunde 21, ya 256 ni milisekunde 5. Ipunguze mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha ipandishe hatua moja. Programu isiyokupa nafasi ya kugusa bafa si lazima iwe mbaya, lakini ikichelewa huna la kuifanya.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi, na ndilo lililokuumiza. Watu huchagua piano ya simu kwa sauti yake: wanabonyeza kitufe kimoja, wanasikia mlio mtamu, wanasema hii hapa. Mtunzi achague kwa mlango wake wa kutokea. Kabla hujaweka humo tuni unayoipenda, rekodi sekunde kumi za upuuzi wowote, zitoe, jitumie mwenyewe, kisha zifungue kwenye programu nyingine isiyo na undugu na hiyo. Zikifunguka, endelea. Zikikataa, au likija dirisha la malipo ambalo hukuambiwa mwanzo, umepoteza sekunde kumi. Ingekuwa umefanya hivyo na ile ya nne, tusingekuwa tunazungumza leo, na sikulaumu, maana mimi mwenyewe nilijifunza hili baada ya kupoteza nyimbo sita katika kifaa kilichokufa nazo.

Faili ninalotaka utoe ni MIDI. Neno hili utalikuta kila mahali, basi lielewe vizuri. MIDI ni lugha ambayo vinanda na kompyuta vimekuwa vikizungumza tangu mwaka 1983, kampuni zilizokuwa zikishindana zilipokubaliana ili kinanda cha huyu kiweze kukipigisha kinanda cha yule. Ndani ya faili la MIDI hakuna sauti hata kidogo. Kuna maagizo: kitufe namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, kikaachiwa wakati fulani. C ya katikati ya piano ni namba 60. Kitufe cha kwanza kabisa kushoto kwenye piano kamili ni 21, cha mwisho kulia ni 108, ukihesabu vyote ni 88. Nguvu ya kidole nayo ni namba, mwisho wake 127. Wimbo mzima unaweza kuwa kilobaiti chache tu, ambapo wimbo huohuo kama sauti ya MP3 ni megabaiti kadhaa.

Faida yake kwa mwanakwaya? Tuseme umempelekea mwalimu wako wimbo, sauti ya kwanza wanaujaribu, wanakwama juu. Mwalimu anasema, tushushe. Ukiwa na rekodi ya sauti, kushusha kunaiharibu kidogo, piano inaanza kunguruma kama mtu mwenye mafua. Ukiwa na MIDI, kushusha vitufe viwili ni kutoa 2 kwenye kila namba: 60 inakuwa 58, 67 inakuwa 65, basi. Piano inabaki safi. Ukitaka baadaye sauti hiyohiyo ipigwe na ogani au nyuzi badala ya piano, unabadilisha chombo, nota zinabaki zako. Na ukilipeleka faili hilo kwenye MuseScore ya kompyuta, ambayo ni ya bure, linageuka nota zilizoandikwa kwenye mistari mitano. Humo unaweza kunyamazisha sauti tatu na kumwachia kila mwimbaji sauti yake ajifunzie nyumbani. Nota itahitaji kusafishwa kwa mkono, kwa sababu kompyuta huandika hata pale kidole kilipojikwaa, lakini ni usafi wa jioni moja. Kompyuta ya kuazima inatosha kwa hilo.

Kwa hiyo rafiki yako wa midundo ana nusu ya ukweli. Kompyuta inapendeza wakati wa kupanga, kuandika na kuchanganya. Kutunga si lazima kungoje kompyuta.

Kuhusu do, re, mi, hapo ninakuonea wivu kidogo, kwa sababu wengi waliojifunza C, D, E tangu mwanzo hushindwa kuhamisha wimbo bila karatasi, na wewe utaweza. Katika solfa unayoijua, do haina kiti cha kudumu. C ina kiti. Chukua kitufe chochote ukiite do, kisha hesabu kwenda kulia, vyeusi na vyeupe vyote pamoja: mbili upate re, mbili mi, moja fa, mbili so, mbili la, mbili ti, moja urudi do. Ukianzia C utapita vyeupe vitupu. Ukianzia G utapita vyeupe mpaka ufike la, na ti itakuangukia kwenye kitufe cheusi kilicho kati ya F na G. Ukianzia F, fa ndiyo itakuwa nyeusi. Fanya hivyo kwa sauti, ukiimba huku unabonyeza, wiki moja tu, na herufi hazitakutisha tena. Baadhi ya programu hukuruhusu kuandika do, re, mi juu ya vitufe. Angalia tu kama zinamaanisha do inayohama au zimeibandika do juu ya C milele. Nyingi zimeibandika.

Kuna mtego hapo. Programu nyingi zina kitufe cha kuhamisha ufunguo, unapiga kwenye vyeupe na yenyewe inatoa sauti ya juu au ya chini. Kinasaidia, sikukatazi. Lakini kabla hujakizoea, hakikisha faili linalotoka limeandika nota zilizosikika, lisiwe limeandika zile ulizobonyeza. La sivyo utampelekea mwalimu wimbo ulio katika C huku wewe kichwani unausikia katika E, na mtabishana bure.

Vidole sasa. Chukua rula. Kitufe cheupe cha piano kina upana wa milimita 23 na kitu, na okteva moja, yaani toka do hadi ti, inachukua sentimita 16 na nusu hivi. Simu yako ukiilaza kwa upande ina kama sentimita 15. Maana yake hata okteva moja ya ukubwa wa kweli haiingii, na ukilazimisha okteva mbili, kila kitufe kinabaki na upana wa kama sentimita moja, chembamba kuliko ncha ya kidole gumba chako. Kwa hiyo usitafute programu inayojisifu kuonyesha vitufe vyote 88. Tafuta inayokuruhusu kupanua vitufe na kutelezesha piano kushoto na kulia bila kutoa mlio, au inayogawa skrini mistari miwili, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini au kinyume chake. Weka pia vidole vitano kwa pamoja, kisha ongeza cha sita. Kuna vioo vya simu visivyotambua zaidi ya vitano, na hapo kodi nene za mikono miwili, yaani nota nyingi zinazopigwa kwa pamoja, zitakuwa zinapoteza nota, wala si kosa la programu.

Kwa mtunzi wa kwaya hilo halikuzuii. Rekodi mkono mmoja, kisha rudi mwanzo urekodi mwingine juu yake. Sauti nne ni tuni nne, kila moja ya kidole kimoja kwa wakati. Ulishafanya hivyo na wimbo wa baba, kwa nini mtu akwambie unajidanganya?

Mahali pekee ambapo rafiki yako wa vitufe vya kweli yuko sahihi ni kwenye nguvu ya kidole. Kioo hakijui umegusa kwa upole au kwa hasira. Programu zingine hukisia kwa kuangalia umegusa kitufe juu au chini, zingine kwa mtikisiko wa simu, zingine hazijisumbui na kila nota inatoka sawa kama saa ya ukutani. Wimbo wa maombolezo ukiwa sawa hivyo haupumui. Dawa yake ni kufungua ramani ya nota, yaani ule mchoro unaoonyesha kila nota uliyopiga, baada ya kurekodi na kubadilisha nguvu moja moja, mfano nota ya mwisho ya kila mstari ukaishusha kutoka 90 hadi 60. Nimekaa na mwanafunzi mmoja tukafanya hivyo kwenye mistari minne tu, na alipousikia upya aliweka mkono mdomoni. Hatukuwa tumebadilisha nota hata moja.

Siku ukiweza kupata kinanda kidogo cha MIDI, hata cha vitufe 25, Android inakipokea kwa waya kuanzia toleo la 6. Kina uwezo wa kuhisi nguvu ya kidole, na sauti yake ni ileile iliyomo ndani ya simu. Hapo ndipo utakapoona kwa nini nilikuambia uchague programu yenye MIDI, inayoingia na inayotoka. Lakini usisimame kukisubiri.

Umetaka majina. Programu ile ya tatu, ya rangi zinazoshuka, ni ya darasani. Simply Piano nayo ni ya jamii hiyo, inasikiliza unavyopiga na kukusahihisha. Zina kazi yake, nawe umeshaonja: zinakufundisha nyimbo zilizokwisha kutungwa. Weka moja kama unataka mazoezi ya vidole, usiitegemee kwa kutunga.

Kwa kutunga kwenye Android, FL Studio Mobile ni ya kulipia, na kwa mtu mwenye kazi kama yako ndiyo ningeiweka mbele. Ina ramani ya nota unayoweza kuigusa moja moja, inatoa sauti na inatoa MIDI, na kazi yake inaweza kuendelezwa kwenye FL Studio ya kompyuta ambayo pengine rafiki yako wa midundo anayo. Kama kulipa si jambo la leo, BandLab ni ya bure, ina piano na vyombo vingine, na ulichoanza kwenye simu unaweza kukifungua kwenye kivinjari cha kompyuta. Inataka ufungue akaunti na kazi zinakaa mtandaoni, kwa hiyo intaneti ikikatika unaweza kukwama. Wenye iPhone wanayo GarageBand bila malipo, na wewe ukisikia wanaisifu usihangaike kuitafuta, haipo kwenye Android. Hiyo ya tano uliyoipakua sijui ni ipi. Ifungue, uifanyie jaribio la ukucha na la sekunde kumi, itajitetea yenyewe.

Kabla ya kurekodi chochote, izime simu mawasiliano kwa hali ya ndege. Matangazo mengi hukosa njia, na hakuna ujumbe utakaolia katikati ya mstari. Programu isiyofunguka kabisa bila intaneti ijue mapema. Tena ikiwa piano inaomba kusoma majina na namba za watu ulionao kwenye simu, kataa. Maikrofoni naielewa, orodha ya ndugu zako ina kazi gani kwenye muziki?

Kuhusu uzuri wa sauti, nimeuacha nyuma kwa makusudi. Ukiwa na MIDI, sauti unaivalisha baadaye kama nguo. Kuna watu wamerekodi piano halisi kwa ngazi nyingi za nguvu, wakazitoa bure. Mojawapo inaitwa Salamander Grand Piano, imetokana na Yamaha C5 na ina ngazi 16 za nguvu. Ukifika kwenye kompyuta, faili lako la kilobaiti chache litaipiga piano hiyo kana kwamba uliikalia. Piano ya simu unayotungia usiku inaweza kuwa ya sauti ya wastani tu, mradi inaitika kwa wakati.

Kwa hiyo leo usiku nasa zile video nne. Kesho vaa hedifoni za waya, fungua programu utakayoichagua, na kabla ya nota ya kwanza weka metronomu, ile inayogonga mapigo, kwenye mwendo uleule wa baba. Unaukumbuka, uliniandikia mwenyewe. Chukua kijiko, gonga mezani kama alivyokuwa anagonga, na sogeza namba za metronomu mpaka zikutane na mkono wako. Halafu anza na sauti ya tatu, ambayo unaijua bila kutazama.